Miezi Kumi na Moja ya Mwanaheri

Siku Bwana Lewini alipokufa, Kibwana hakuogopa. Alimlilia kama shemeji anavyomlilia shemeji, akashika jembe kuchimba kaburi, akala ubwabwa wa msibani, akalala usingizi wake wote. Hofu ilimwingia kesho yake asubuhi. Alikuwa nyuma ya nyumba anapiga mswaki, akamsikia mpwa wake Mwanaheri upande wa pili wa ukuta akisema maneno ya lugha ambayo hakuna mtu wa Morogoro aliyekuwa nayo.

Haikuwa Kiluguru wala Kiswahili. Haikuwa Kijerumani cha bomani, ambacho siku hizo hata mbwa wa mjini walikuwa wamekwisha kukizoea. Kiarabu cha msikitini Kibwana alikijua kwa kukisikia, na lugha hii ilikuwa na undugu nacho wa mbali, kama jamaa unayekutana naye mara moja harusini usikumbuke jina lake. Akachungulia. Msichana, miaka kumi na saba, alikuwa amesimama wima, miguu kaibana, uso kaugeuzia kaskazini. Mdomo ulikwenda mbio, kisha ukanyamaza ghafla kwa pumzi mbili hivi, kama wa mtu anayesubiri kujibiwa, kisha ukaendelea. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akainama kushoto, akainama kulia, akabeba ndoo yake kwenda mtoni. Kibwana alibaki na mti wa mswaki mdomoni.

Jioni alimwita.

"Asubuhi ulikuwa unasema nini?"

"Sala ya baba, mjomba. Alinifundisha kabla hajazidiwa. Kwao mtu akifa mwanawe huisema kila siku, miezi kumi na moja."

"Kwa nini isiwe mwaka?"

"Mwaka mzima ni wa mtu mwovu. Ukifikisha mwaka ni kama unamchongea baba yako kwa Mungu. Basi unaacha mwezi mmoja, kwa heshima yake."

"Na inasema nini hiyo sala?"

"Maneno yote siyajui maana. Baba alisema ni sala ya wafu."

Kibwana aliitika kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akaenda kukaa peke yake.

Bwana Lewini alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Alifika Morogoro zamani, kabla ya reli, akafungua ghala chini ya mlima karibu na mto, akawa ananunua ulanga. Ulanga ni lile jiwe linalobanduka ngozi kwa ngozi kama kitunguu. Waluguru waliuchimba huko juu na upande wa Mkuyuni, wakaushusha kwa vichwa, na ghalani wanawake waliubandua na kuukata kwa visu. Kibwana alikuwa msimamizi wa wapagazi. Dada yake Mosi alikuwa mkataji. Jioni Mosi alirudi nyumbani mikono inametameta, na baada ya miezi michache ilikuwa dhahiri kwamba Bwana Lewini haangalii ulanga peke yake. Alimposa kwa watu, akatoa mahari, hakumficha uani kama Wazungu wengine walivyowaficha wa kwao. Kwa hilo Kibwana alimheshimu mpaka mwisho. Mosi alizaa watoto watatu, wakazikwa wawili, na yeye mwenyewe akafa kwa uzazi wa yule wa tatu. Akabaki Mwanaheri.

Sasa, Mluguru hahitaji kuelezwa jambo hili, lakini asiye Mluguru aelezwe. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kibwana alikuwa na watoto saba, nyumba imejaa kelele, na wote saba walikuwa wa ukoo wa Pili, mkewe. Wa ukoo wake yeye, wa kurithi mashamba ya mlimani na kumwaga pombe kwenye makaburi ya wazee, alibaki mmoja tu duniani, na huyo mmoja alikuwa amesimama nyuma ya ukuta anaita wafu wa Ulaya. Kwa akili ya Kibwana, mtu ni wa wale anaowatambikia. Kila asubuhi Mwanaheri aliposimama kaskazini alikuwa anahama hatua moja, na miezi kumi na moja ina asubuhi nyingi.

"Mtoto anamwombea baba yake," Pili alimwambia. "Wewe wa kwako umemwombea mara ngapi? Kila siku unakwenda msikitini, unarudi na habari za bei ya mchele."

"Wewe huelewi. Wataitika."

"Akina nani?"

Jambo lenyewe lilimtisha Kibwana kulitamka. Kule kunyamaza. Kila siku, mahali palepale katikati ya sala, Mwanaheri alinyamaza pumzi mbili na kusubiri, na Kibwana upande wa pili wa ukuta alijikuta naye kaziba pumzi, ananyoosha sikio, asisikie kitu, na kutosikia huko kukamtia hofu zaidi. Wafu wanaojibu kwa sauti unaweza kuwachinjia mbuzi wakanyamaza. Wanaojibu kimya utawafanyaje?

Alisikiliza kila siku. Alisikiliza kama jina la binti limo, la Mosi, la ukoo. Hata la Lewini mwenyewe hakulisikia, na huo nao ukawa mzigo mwingine: sala ya mfu isiyo na jina la mfu! Ilipofika masika, siku moja anafunga mzigo ghalani, mpagazi mmoja akamwuliza, "Mzee, unaimba wimbo gani huo?" Kibwana akagundua kwamba midomo yake ilikuwa inasema sala ya nyuma ya ukuta, yisgadal veyiskadash, neno baada ya neno, bila kumwomba ruhusa. Alitema mate chini, akamfokea mpagazi kuhusu kamba.

Miezi ilitimia. Asubuhi moja hapakuwa na sauti nyuma ya ukuta. Kibwana alingoja mpaka jua likapanda, akatoka, akamkuta Mwanaheri anachambua mboga, uso umemnywea.

"Leo husali?"

"Imekwisha, mjomba. Sasa ni siku moja tu kwa mwaka, ile siku aliyokufa. Taa inawashwa jua likizama, inawaka mpaka kesho yake jua likizama tena, na ninaisema kaburini. Ni mwezi ujao, mwezi ukitimiza siku kumi na tatu."

Siku moja kwa mwaka! Kibwana nusura acheze ngoma. Siku moja mtu anaweza kuivumilia. Alinunua nyama siku hiyo, na Pili akamtazama tu.

Furaha yake iliishi siku tisa. Siku ya kumi Leonard, karani wa stesheni aliyesoma kwa mapadri, alimletea barua iliyoandikwa jina la ghala la Bwana Lewini. Kibwana akamwomba aisome. Iliandikwa kwa Kiswahili, na aliyeandika alikuwa Yakobo Lewini wa Unguja, mdogo wa marehemu. Barua ilikuwa fupi. Atafika kwa gari la moshi Jumanne jioni ya juma la pili la mwezi ujao, Jumatano saa saba mchana ataondoka, kwa kuwa meli yake haingoji. "Nataka kuliona kaburi la ndugu yangu," Leonard alisoma, "na kumwona mtoto wake."

"Rudia hapo mwisho."

"Na kumwona mtoto wake."

Mtoto wake! Wa Lewini, si wa Mosi. Kibwana alihesabu kwa vidole, na vidole vikamwambia kwamba Jumatano hiyo ndiyo ile siku ya kumi na tatu. Mtu hatoki Unguja siku hiyohiyo kwa bahati. Ameitwa. Miezi kumi na moja ya kunyamaza na kusubiri, na sasa jibu lilikuwa linakuja, lina tiketi mkononi. Na Kibwana alikwisha kusikia, kama kila mtu alivyosikia, habari za mtoto wa Mzungu mmoja huko pwani aliyepelekwa Ulaya kusoma, na mama yake mpaka leo anakwenda bandarini kuuliza.

"Mwambie Mwanaheri," Pili alisema. "Ana akili zake. Mwache amwone baba yake mdogo."

"Na akimchukua?"

"Akimchukua utalia. Usipomwambia utalia pia, ila hapo utalia na kosa."

Kwa wanawake wa aina hii kuna wanaume hupiga kelele. Kibwana yeye alinyamaza, akafanya lake. Siku nne kabla ya Jumanne alimwambia Mwanaheri kwamba mama yake mkubwa mlimani, asiyejaliwa mtoto, kashikwa na mgongo, maharage yanakauka shambani, aende akamsaidie. Ni mwendo wa nusu siku kupanda.

"Na siku ya baba?"

"Nitatuma mtu akuite. Nimeshakwambia neno nikalivunja?"

"Hapana, mjomba," alisema Mwanaheri, na ilikuwa kweli. Alipiga goti, akaaga, akapanda mlima na chupa yake ya mafuta ya taa. Kibwana alimtazama mpaka kanga yake ikapotea migombani, na wala hakujisikia mshindi.

Jumatano saa mbili asubuhi alikwenda kumchukua mgeni mahali alipolala. Usiku kucha alikuwa ametunga uongo mzuri: Mwanaheri kaolewa, yuko Tabora. Aliupamba kwa jina la mume na idadi ya mbuzi. Alipokaribia tu ndipo akakumbuka kwamba reli ilikuwa imefika Tabora mwaka uleule.

Bwana Yakobo alikuwa mtu mwembamba, ndevu zina mvi, koti jeusi kwenye joto lile. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, kisafi kuliko cha Kibwana mwenyewe. Alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Wewe ndiwe Kibwana. Ndugu yangu aliniandikia habari zako barua moja, ya mwisho. Miaka kumi na minane tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya ndoa ile, na barua yake sikuijibu. Nilisema nitakwenda mwenyewe. Nikachelewa. Habari ya kifo na siku yake nilizipata kwa barua ya bomani." Alitazama nyuma ya Kibwana, kushoto na kulia, kama mtu anayetafuta mzigo wake stesheni. "Na mtoto? Hukuja naye?"

Kibwana alifungua kinywa kusema Tabora. Mahali pa kuolewa panafuatika kwa tiketi. Pa kufa hapafuatiki.

"Alifariki," alisema.

Neno likatoka, likasimama mbele yao. Hata yeye alishtuka kulisikia. Bwana Yakobo aliufunga mwavuli wake polepole, akasema maneno machache ya lugha ile kwa sauti ya chini.

"Homa?"

"Homa."

"Lini?"

"Masika."

"Nimesema kwamba Mungu ni hakimu wa kweli," alisema Bwana Yakobo. "Ndivyo tunavyosema tukipata habari kama hii. Hata tukiwa hatuelewi. Twende kaburini."

Wakashika njia. Huko juu mlima ulikuwa umevaa wingu mpaka kiunoni, na mahali Mwanaheri alipokuwa hapakuonekana kabisa. Kibwana aligeuza macho huko kila hatua kumi. Kumtaja aliye hai kwamba amekufa ni kumfungulia mlango, kila mtoto anajua hilo. Njia ya mlimani ina mawe yanayoteleza, kuna nyoka kwenye maharage, na huenda homa aliyoitaja yeye mwenyewe kwa ulimi wake ilikuwa imekwisha kusikia jina lake ikaanza kupanda. Alijiapiza kimoyomoyo kwamba gari la moshi likiondoka tu atapanda mbio, atachinja, atatubu. Saa tano tu, alijiambia. Mtu hawezi kufa kwa saa tano za uongo.

Kwenye mto Bwana Yakobo alisimama. Alishuka mpaka majini na viatu vyake, akaanza kuokota mawe. Aliokota moja, akalitupa. Akaokota jingine la ukubwa wa ngumi, akalisuuza, akalifuta kwa leso.

"Ya nini, bwana?"

"Kwetu hatupeleki maua. Tunaweka jiwe juu ya kaburi, ajulikane mtu alikuja." Akaendelea kutafuta. Akaokota jingine, dogo, jeupe, akalisuuza kwa uangalifu zaidi, akalitia mfuko wa pili wa koti. Kibwana aliona ni mawili, akadhani moja ni la kwake yeye kuweka.

Kaburi lilikuwa nyuma ya ghala, limefagiliwa. Mwanaheri alilifagia kabla ya kupanda mlima. Bwana Yakobo alitazama ufagio uliosimamishwa ukutani. Aliweka jiwe la kwanza. Alisimama miguu pamoja, kaskazini, na Kibwana akajiandaa kusikia. Hakusikia. Mtu mzima yule alisimama muda mrefu, midomo imebanwa, akageuka.

"Siwezi kuisema," alisema. "Sala yetu ya mfiwa inataka wanaume kumi wa kwetu. Leo Morogoro nzima tuko mmoja." Alijaribu kucheka. "Ndugu yangu aliniandikia kwamba amemfundisha mtoto. Nilikasirika, Kibwana. Binti! Peke yake, mlimani! Nilijiambia, nitakwenda nimkataze. Lakini jana njia nzima garini nilikuwa nikiomba nimkute anaisema. Sasa sina wa kumkataza." Akafuta macho bila kuona haya. Kisha akaingiza mkono mfuko wa pili, akatoa lile jiwe jeupe. "Nionyeshe alipolala yeye."

Kibwana hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa.

"Nani?"

"Mtoto. Kaburi lake liko wapi? Nimwekee na yeye."

Jiwe lilikuwa kwenye kiganja, safi, bado lina unyevu. Kulikuwa na makaburi matatu ya zamani pale pembeni, ya Mosi na wale wachanga wawili. Kidole kimoja tu kingetosha. Angenyoosha kidole kwenye kaburi la kitoto, mzee huyu angeweka jiwe lake, angepanda gari la saa saba, na Mwanaheri angebaki wa ukoo milele. Kibwana alinyanyua mkono. Mkono ukafika kifuani, ukagoma. Kusema amekufa ni ulimi, na ulimi hauna mfupa; lakini kumwekea mtoto jiwe la kaburi akiwa anavuna maharage, mjomba wake mwenyewe akionyesha mahali!

"Usiliweke," alisema. "Bwana, usiliweke, nakuomba. Yu hai."

Bwana Yakobo alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Saa mbili umeniambia amekufa. Saa nne unaniambia yu hai. Mimi ni mjinga wako? Labda hakuna mtoto. Labda hapakuwa na mtoto tangu mwanzo, na ndugu yangu aliniandikia maneno ya homa." Sauti ilipanda. "Mtu hachezei msiba wa mwenzake, Kibwana!"

"Yupo! Aliisema sala yenu kila siku. Miezi kumi na moja, hakuruka hata siku ya mvua."

"Nani ameiona?"

Kibwana alikuwa hana shahidi. Pili yuko sokoni, Mwanaheri yuko kwenye mawingu. Alikuwa na kitu kimoja tu, kile alichokitemea mate siku ile ghalani, na kukitoa ilikuwa ni kumkabidhi mtoto mwenyewe. Alijua hivyo kabisa. Akabana miguu.

"Yisgadal veyiskadash shme rabo," alisema Kibwana bin Hatibu, Mluguru, msimamizi wa wapagazi, na maneno yakamfuata moja baada ya jingine kama wapagazi waliozoea njia. Alikuwa analia, wala hakujua alianza saa ngapi. Alifika mahali pale pa katikati na akanyamaza, pumzi mbili, kwa sababu ndivyo alivyosikia siku zote.

Na mara hii kimya kilijibiwa. Bwana Yakobo alikuwa amejibu kwa sauti, Amina na maneno mengine baada yake, kabla hajajua kwamba anajibu. Ilionekana usoni mwake kwamba mdomo ulitangulia na sheria ya watu kumi ikabaki nyuma. Walitazamana. Kibwana akaendelea mpaka mwisho, akarudi hatua tatu, akainama kushoto na kulia.

"Ile pumzi mbili," aliuliza akiwa bado ameinama. "Pale ni pa nani?"

"Pa wanaosikiliza. Ndiyo maana tunataka watu. Msomaji anasimama, wenzake wanamwitikia."

"Si pa wafu?"

"Wafu? Hakuna wafu humo. Hakuna kifo hata neno moja. Anasifiwa Mungu tu, tangu mwanzo mpaka mwisho." Bwana Yakobo alikaa juu ya jiwe la kusagia la ghalani, kakishika kijiwe chake cheupe. "Hiyo sauti uliyoisema nayo ni ya ndugu yangu. Mle alimokuwa akikosea tangu tukiwa wadogo, na wewe umekosea mlemle. Basi mtoto yupo. Kwa nini, Kibwana?"

"Niliogopa utamchukua."

"Nimchukue kwa sheria gani? Kwetu mtoto anafuata mama yake. Mama akiwa si wetu, mtoto si wetu. Nilitaka kumwona. Kumwona tu."

Kibwana naye alikaa chini, palepale vumbini.

"Na sisi ni hivyo," alisema. "Na sisi ni hivyohivyo, bwana."

"Basi ndugu yangu Naftali alitoka kwa watu wa mama, akaenda kuoa kwa watu wa mama," alisema Bwana Yakobo. "Maskini Naftali. Kotekote hakupata mtoto." Akacheka, akalia, na saa ikaendelea kwenda.

Kupanda mlima na kushuka kungekula mpaka magharibi, na meli ilikuwa haingoji. Saa saba gari lilipiga honi. Dirishani Bwana Yakobo alimpa Kibwana lile jiwe jeupe. "Mpe marehemu wako," alisema, na hakuwa anatania sana.

Gari halijapotea machoni Kibwana alikuwa amekwisha kuanza kupanda. Alipanda kama kijana, kanzu kaifunga kiunoni, na kila kona alitazamia kukutana na mtu anayeshuka na habari mbaya. Alimsalimia mama mmoja mwenye mzigo wa ndizi, na kwa kuwa mama yule hakutaja msiba, akamshukuru mpaka akamshangaza. Saa tisa na nusu, kwenye kijito cha juu ya migomba, alimwona mtu anashuka mbio. Ilikuwa kanga ile.

"Mwanaheri! Uko mzima?"

"Shikamoo, mjomba. Nimengoja mtu wako tangu jana. Nimeiwasha taa, nimemwachia mama mkubwa ailinde." Hakuwa na pumzi. "Nimehesabu mwezi mwenyewe. Jua halijazama, bado tunawahi."

Kibwana alimwambia palepale, maji yanapita kati yao. Alimwambia yote, barua, Tabora, homa, masika, jiwe. Alikunjua kiganja. Mwanaheri hakulichukua jiwe. 

"Baba mdogo alikuja," alisema mwishowe. "Akaondoka."

"Saa saba."

"Na mimi nilikuwa nimekufa."

"Kidogo, mwanangu. Toka saa mbili mpaka saa nne."

"Wewe ukaisema sala. Siku yangu. Ukaisema wewe."

"Sikuwa na shahidi mwingine."

"Akakuitikia?"

"Aliniitikia."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Mimi hakuna aliyeniitikia," alisema Mwanaheri. "Miezi kumi na moja. Baba alinambia pale ninyamaze tu, nipaache wazi, labda iko siku atatokea mtu. Na ulikuwa unasikia, mjomba. Siku zote ulikuwa nyuma ya ukuta, nilikuwa naona miguu yako."

Kibwana alinyoosha mkono, akaurudisha. Mtoto wa ukoo alikuwa mbele yake, mzima, hakuna wa kumchukua, kama alivyotaka. Na alikuwa hathubutu kumgusa hata bega.

Mwanaheri alifuta uso kwa upindo wa kanga. Akalichukua jiwe kutoka kiganjani, akalitazama, akalifunga kwenye pindo. Kisha akavuka kijito, akampita mjomba wake, akatangulia njia ya kuteremka.

"Twende, jua linazama," alisema bila kugeuka. "Kaburini nitasema mimi. Wewe utaitikia alivyoitikia yeye. Ukimaliza kuitikia, utanieleza vizuri nilivyokufa."

Kibwana akaifungua kanzu, akamfuata.